Bomba Chini ya Mtutu

Tarehe 20 Novemba 1914, karibu na Danbury katika jimbo la Wisconsin, kijana aliyeitwa James Jordan alikuwa akifuata nyayo za kulungu kwenye theluji mbichi. Treni ikapiga honi, kulungu waliolala vichakani wakainuka, na miongoni mwao alikuwamo dume mwenye pembe za ajabu. Jordan alikuwa na bunduki nyepesi ya Winchester, toleo la 1892, iliyotumia risasi ya .25-20. Kichwa cha risasi hiyo kina uzito wa gramu 5 na ushei, na leo mwindaji wa Kimarekani akikukuta nayo porini atakuuliza kama umefuata sungura. Jordan akafyatua, akakoki, akafyatua tena. Dume yule alivuka mto Yellow akiwa na jeraha, akafia ng'ambo.

Pembe alimkabidhi fundi wa kuhifadhi vichwa vya wanyama, fundi akahama, na kwa miaka mingi hazikujulikana zilipo. Zilikuja kuibuka katika jimbo jirani la Minnesota, zikiuzwa kwa dola chache pamoja na vitu vya mitumba. Klabu ya Boone and Crockett, inayotunza daftari la rekodi za wanyama wakubwa wa Amerika Kaskazini, ilizipa alama 206 na 1/8. Ilikuwa rekodi ya dunia kwa kulungu wa mkia mweupe mwenye pembe za kawaida. Mwaka 1978 klabu ilitamka rasmi kwamba aliyemwangusha ni Jordan, naye alikuwa ameshafariki.

Kwa hiyo kwa miaka mingi kulungu mkubwa kuliko wote wa aina hiyo kwenye daftari alikuwa ameuawa kwa risasi ambayo karibu kila mjuzi angeikataa. Hilo halijawazuia Wamarekani kubishana kwa zaidi ya karne nzima: risasi ipi ya bunduki ya wenzo inamfaa kulungu? Hubishana kwa gramu, kwa kasi na kwa nguvu ya pigo. Mimi naona mabishano hayo yanaanzia mahali pasipo penyewe. Sura ya risasi hizi, ubutu wa vichwa vyake na kiasi cha nguvu zake, iliamuliwa kwa sehemu kubwa na bomba jembamba la chuma linalolala chini ya mtutu.

Bunduki ya wenzo ndiyo ile ya filamu za kauboi. Chini ya kifyatulio kuna kitanzi cha chuma ambacho mpigaji hukisukuma mbele na kukirudisha. Kwa tendo hilo moja ganda lililotumika hutemwa, nyundo hukokiwa na risasi mpya huingia chemba. Risasi za akiba zimepangana ndani ya bomba, moja nyuma ya nyingine, pua ya hii ikigusa kitako cha ile iliyo mbele yake. Mpangilio huo ulizaa maudhi na busara kwa miaka 160.

Na kulungu mwenyewe? Msomaji wa Afrika Mashariki asimfikirie kulungu wa vichaka vyetu, mwenye pembe mbili za kudumu. Huyu wa mkia mweupe huota pembe zenye matawi kila mwaka na kuziangusha majira ya baridi. Dume aliyekomaa kaskazini mwa Marekani anaweza kupita kilo 100. Anaishi kwenye msitu mnene, vinamasi na kingo za mashamba, na mara nyingi mwindaji humwona akiwa chini ya mita 100, kwa sekunde chache, akikatiza kati ya miti. Mahali pa kulenga, penye moyo na mapafu, pana upana wa sahani ya wali. Ngozi yake si ya nyati, mifupa yake si ya pofu. Kinachotakiwa ni risasi itakayofika pale penye sahani, ipenye hadi upande wa pili, na ya pili iwe tayari upesi endapo ya kwanza imekwenda kombo.

Mwanzo wa bunduki hizi ulikuwa wa kusuasua. Mwaka 1848 Walter Hunt wa New York alibuni risasi iliyobeba baruti ndani ya tundu la kichwa chake chenyewe, bila ganda, pamoja na bunduki yenye bomba ya kuifyatulia. Wazo lilikuwa zuri, mashine ilikuwa mbovu. Likapita kwa Lewis Jennings, likaboreshwa na Horace Smith na Daniel Wesson, ambao majina yao yangekuja kujulikana kwa bastola, na mwaka 1855 likaangukia kampuni ya Volcanic. Mmoja wa wawekezaji wa Volcanic alikuwa mtengeneza mashati wa New Haven, Connecticut: Oliver Winchester. Risasi za Volcanic zilikuwa dhaifu mno, kwa kuwa tundu la kichwa lilibeba baruti kidogo sana. Kampuni ikafilisika, Winchester akabaki na mitambo pamoja na fundi hodari, Benjamin Tyler Henry.

Henry aliona kwamba tatizo liko kwenye risasi. Akabuni ganda la shaba lenye kipenyo cha .44, ambalo fataki yake ilisambazwa ndani ya ukingo wa kitako, akaijenga upya bunduki kulizunguka. Hataza yake ni ya mwaka 1860. Bunduki ya Henry ilibeba risasi 16 wakati askari wengi walikuwa bado wakishindilia baruti na risasi kwa mdomo wa mtutu, kama afanyavyo mwenye gobore. Kuna jambo dogo ambalo wengi hulipita hapa. Fataki ikiwa kwenye ukingo, pua ya risasi ya nyuma inagusa katikati ya kitako, mahali pasipo na kitu cha kulipuka. Bomba la Henry lilikuwa salama kwa sababu ya udhaifu wa teknolojia ya wakati wake.

Udhaifu ni udhaifu hata hivyo. Ganda la fataki ya ukingoni lazima liwe jembamba ili nyundo iweze kulibonyeza, na ganda jembamba halivumilii baruti nyingi. Kichwa cha .44 Henry, chenye gramu 13 au 14, kilitoka kwa kasi ya mita 340 hivi kwa sekunde, kasi ambayo bastola nyingi za leo huizidi. Kwa kulungu ilitosha ukiwa karibu kabisa, ukiwa na subira ya kungojea akugeuzie ubavu. Toleo la 1866, lenye mwili wa shaba unaong'aa, lilileta kijilango cha kujazia risasi ubavuni, kazi ya Nelson King, lakini risasi ilibaki ileile.

Mabadiliko yalikuja na toleo la 1873. Fataki sasa iliwekwa katikati ya kitako, kwenye kikombe chake, na ganda likawa nene. Risasi ikaitwa .44-40: nambari ya kwanza ni kipenyo kwa sehemu za mia za inchi, ya pili ni uzito wa baruti nyeusi kwa greni, kipimo cha kale ambacho 15 na ushei hufanya gramu 1. Kichwa cha gramu 13 sasa kilikimbia mita 380 hivi kwa sekunde. Mwaka 1878 Colt nao wakatoa bastola yao kwa risasi hiyohiyo, na mtu wa mbali na duka akaweza kubeba aina moja ya risasi kwa silaha zake zote mbili. Kulungu wengi mno waliangushwa na .44-40 kabla karne ya 19 haijaisha, wengi wao kwa ajili ya nyama ya kuuza mijini, jambo ambalo tutalirudia.

Lakini fataki ya katikati ilizaa hofu mpya. Ndani ya bomba, pua ya kila risasi sasa ilikuwa imeelekea fataki ya mwenziwe. Bunduki inapolia hupiga teke, risasi zote ndani ya bomba hutikisika, na pua iliyochongoka inaweza kufanya kazi ya nyundo. Ndiyo sababu vichwa vya risasi hizi vilifanywa bapa au butu. Mtu asiyejua humwona mwindaji wa wenzo na risasi zake butu akadhani ni ushamba. Kumbe ni kinga ya vidole vya mkono wa kushoto, ule unaoshika bunduki palepale juu ya bomba. Ubutu huo ulikuwa na bei yake: kichwa bapa husukumana na hewa, hupoteza kasi upesi na kuanguka mapema.

Toleo la 1873 halikuweza kupokea risasi ndefu. Viungo vyake vya ndani vilijikunja kama goti na havikustahimili shinikizo kubwa. Winchester waliirefusha tu wakapata toleo la 1876, lenye risasi ya .45-75 yenye ganda nene na fupi. Theodore Roosevelt, kijana tajiri wa New York aliyekwenda Dakota kujifunza ufugaji, aliinunua, akaipenda, akaitumia kwa kulungu na kwa wanyama wakubwa kuliko kulungu. Ilikuwa nzito kama mchi. Wawindaji waliotaka nguvu zaidi waliendelea kununua bunduki za risasi moja moja.

Jibu lilitoka Ogden, Utah, kwenye karakana ya familia ya wafua bunduki wa Kimormoni. John Moses Browning alikuwa na umri wa miaka 28 hivi pale meneja wa Winchester, T. G. Bennett, alipopanda treni mwaka 1883 kwenda kununua haki za bunduki yake ya risasi moja. Browning alikuwa na jingine akilini: bunduki ya wenzo inayofungwa kwa vyuma viwili vya wima, vyenye nguvu ya kuhimili risasi ya jeshi. Ikatoka kama toleo la 1886, na risasi iliyoipa sifa ilikuwa .45-70, ambayo jeshi la Marekani lilikuwa nayo tangu 1873. Washindani wa mji uleule wa New Haven, kiwanda cha John Marlin, walikuwa wameshatangulia kuiweka kwenye bunduki yao ya 1881.

Hapa inafaa kutua kidogo, maana .45-70 ingali hai na ina wapenzi wasiosikia la mtu. Kichwa cha zamani kina gramu 26, mara mbili ya kile cha .44-40, nacho hutoka kwa mita 405 kwa sekunde. Akipigwa nacho ubavuni, kulungu haendi mbali, na nyama haiharibiki sana kwa kuwa kasi ni ndogo. Ila ukilenga sawasawa kwa umbali wa mita 90, ukimpiga kulungu aliye mita 180, risasi itakuwa imeshuka kwa zaidi ya nusu mita. Itapita chini ya tumbo lake. Kukadiria umbali msituni jioni si kazi ndogo, na risasi ya namna hiyo humwadhibu anayekosea kwa hatua 40. Mimi ningeihesabu kuwa risasi ya dubu ambayo watu wamemhamishia kulungu kwa mapenzi.

Wakati Browning akichonga vyuma vyake, mkemia wa Kifaransa, Paul Vieille, alikuwa ameshapindua mambo yote. Mwaka 1884 alitengeneza baruti isiyotoa moshi, na miaka miwili baadaye jeshi la Ufaransa likawa na bunduki ya Lebel ya milimita 8. Baruti nyeusi hujaza wingu mbele ya macho na masizi ndani ya mtutu, na haiwezi kusukuma risasi kupita kasi fulani hata ukiiongeza. Baruti mpya, kwa kiasi kidogo, ilisukuma kichwa chembamba kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana. Chuma laini cha mitutu ya zamani hakikuiweza.

Toleo la 1894, nalo kazi ya Browning, lilianza kuuzwa na risasi mbili za baruti nyeusi, .32-40 na .38-55, ambazo zilikuwa na jina kubwa kwenye mashindano ya shabaha. Mwaka 1895 Winchester wakaleta mtutu wa chuma kilichochanganywa na nikeli, na pamoja nao risasi mpya mbili: .25-35 na .30 WCF. Hiyo ya pili ilikuwa risasi ya kwanza ya kipenyo kidogo iliyobuniwa Marekani kwa ajili ya wawindaji wa kawaida na baruti isiyo na moshi. Marlin walipoiweka kwenye bunduki zao hawakutaka herufi za mshindani zichongwe kwenye mtutu wao, wakaiita .30-30: kipenyo cha .30, greni 30 za baruti mpya, yaani gramu 2 tu. Jina la Marlin ndilo lililodumu. Nadhani hata Winchester wenyewe walichoka kupingana na wateja wao.

Kichwa cha kwanza kilikuwa na gramu 10 na nusu hivi, na kasi ya mita 600 kwa sekunde. Baadaye mapigo mawili yakawa ya kawaida: gramu 9.7 kwa mita 728, na gramu 11 kwa mita 670. Kwa kipimo kilekile tulichotumia kwa .45-70, risasi hii hushuka sentimita 20 na kitu. Mwindaji anayelenga katikati ya mapafu bado atampata kulungu wake, ingawa chini kidogo. Teke lake ni la upole, kiasi kwamba kijana wa miaka 13 anaweza kujifunzia bila kuanza kufumba macho kabla ya mlio. Bunduki yenyewe ni bapa, haina kitu kinachotokeza pembeni, na uzito wake hauzidi sana kilo 3. Unaibeba kwa mkono mmoja siku nzima, mahali pa uwiano pakiwa palepale vidole vinapokumbatia mwili wake.

Na ubutu wa pua? Kwenye msitu wa Vermont au Michigan hakuna aliyeulalamikia. Kwa mita 80 hewa haijapata muda wa kuiadhibu risasi bapa, na pua bapa hupasua nyama vizuri kuliko iliyochongoka. Bomba lililazimisha umbo fulani, na umbo hilo likakuta ndilo linalofaa msitu. Bahati ya namna hiyo hutokea mara chache katika ufundi. Winchester waliunda zaidi ya milioni 7 za toleo la 1894. Ya milioni 1 alipewa Rais Calvin Coolidge mwaka 1927.

Kinachosikitisha ni kwamba bunduki bora ya kulungu ilifika wakati kulungu wanakwisha. Wauza nyama na ngozi walikuwa wamefyeka makundi, mashamba yamekula misitu, na kufikia 1900 inakadiriwa kulikuwa na kulungu wa mkia mweupe wapatao 500,000 tu Marekani nzima. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Lacey, iliyokataza kusafirisha kutoka jimbo hadi jimbo nyama ya mnyama aliyewindwa kinyume cha sheria. Majimbo yakaweka misimu na vibali. Mwaka 1937 ikaja Sheria ya Pittman-Robertson, na kodi ya bunduki na risasi ikaanza kulipia uhifadhi wa wanyamapori. Leo kulungu hao ni takriban milioni 30, na bustani za watu wa mijini zimekuwa malisho yao.

Waliofuata .30-30 walikuwa ndugu zake zaidi kuliko wapinzani. Winchester walitoa .32 Special mwanzoni mwa karne ya 20, yenye mifuo ya mtutu iliyojisokota polepole ili anayejijazia risasi nyumbani aweze bado kutumia baruti nyeusi. Tofauti yake na .30-30 mbele ya kulungu haionekani, na wanaoapa kwamba ipo wanajisikiliza wenyewe. Remington nao walileta .35, yenye kichwa cha gramu 13 na kasi ya mita 634. Hii ina tofauti ya kweli. Inatoboa tundu pana na kuacha damu ya kufuatia kwenye majani makavu, ingawa hushuka upesi kidogo kuliko .30-30. Ningeingia kwenye kinamasi cha Maine jioni ya mwisho ya msimu, ningeichukua hiyo.

Kulikuwa na mtu ambaye hakukubaliana na bomba hata kidogo. Arthur Savage alizaliwa Kingston, Jamaika, mwaka 1857, na alikuja kuishi Utica, New York. Bunduki yake, iliyokamilika kama toleo la 1899, haikuwa na nyundo ya nje wala bomba. Risasi zilikaa tumboni mwa bunduki, zikizunguka kwenye gurudumu dogo, kila moja kwenye kijaluba chake, na kitundu ubavuni kilionyesha zimebaki ngapi. Pua haikugusa fataki ya yeyote. Mtu wa wenzo sasa aliweza kutumia risasi iliyochongoka bila hofu.

Savage alianza kwa adabu na .303 yake mwenyewe, iliyofanana sana na .30-30 ila kichwa kilikuwa kizito zaidi. Kampuni ilipozoea uhuru wake ndipo mambo yakachangamka. Mwaka 1915 walitoa .250-3000, kazi ya Charles Newton. Newton alitaka kichwa cha greni 100 kwa futi 2,800 kwa sekunde, jambo la akili kwa kulungu. Wauzaji wakataka namba ya kutangaza, wakapunguza kichwa hadi greni 87, sawa na gramu 5.6, ili kifikie futi 3,000. Tangazo likashinda busara. Wawindaji walikuja kurudi wenyewe kwenye kichwa kizito, na kwa hicho risasi hii ni tamu kwa mtu mwepesi asiyependa teke. Mwaka 1920 ikafuata .300 Savage: gramu 9.7 kwa mita 800 kwa sekunde, ndani ya ganda fupi. Kwa kipimo chetu hushuka sentimita 11 au 12. Wahandisi wa jeshi walipotafuta risasi fupi baada ya Vita vya Pili vya Dunia walianzia kwenye ganda hilo, na safari yao ikaishia kwenye .308 Winchester, iliyofika madukani mwaka 1952.

Browning naye alikuwa amelikimbia bomba. Toleo la Winchester la 1895 lina kisanduku mbele ya kifyatulio, na risasi zake hulala moja juu ya nyingine. Mamia ya maelfu yalikwenda Urusi wakati wa Vita vya Kwanza, na moja iliyotumia risasi ya .405 ilishuka Mombasa Aprili 1909 kwenye mizigo ya Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa wiki chache, aliyekuja kukusanya wanyama kwa ajili ya jumba la makumbusho la Smithsonian. Kichwa cha .405 kina gramu 19 na nusu, kasi yake mita 670. Roosevelt aliiona kuwa dawa yake ya simba. Kwa tembo na kifaru alikuwa na bunduki ya Kiingereza ya mitutu miwili. Wapagazi walimwita Bwana Mkubwa, na mwanawe Kermit wakamwita Bwana Maridadi, jina linaloonyesha kwamba watu wetu nao walikuwa wakiwapima wawindaji wao. Bunduki ya wenzo haikuota mizizi Afrika Mashariki. Walowezi na wawindaji wa safari walipenda Mauser na mitutu miwili ya London, na ukweli ni kwamba nyika zetu zilizo wazi, na nyati wetu, si mahali pa mashine iliyobuniwa kwa vichaka vya Pennsylvania. Nyumbani kwao Wamarekani waliitumia .405 kwa dubu na wanyama wao wakubwa wa kaskazini. Kwa kulungu ni kumsumbua bega mwenye nayo.

Ungedhani baada ya Savage na toleo la 1895 bomba lingekufa. Halikufa, na sababu ni msitu uleule. Kwa mita 80 hakuna aliyehitaji pua iliyochongoka, na bomba huacha bunduki nyembamba tumboni, mahali mkono unapoibebea. Kilichokuja kuitikisa hali hiyo ni darubini. Baada ya 1945 darubini za kulengea zikawa za bei nafuu madukani. Winchester ya 1894 wakati huo ilitema ganda juu, usoni pa darubini yoyote iliyofungwa hapo. Marlin ilikuwa ikitema ubavuni tangu 1889, uamuzi uliokaa zaidi ya nusu karne ukingoja siku yake. Toleo la Marlin 336 la mwaka 1948, kwa .30-30 na .35 Remington, likapokea darubini bila shida. Winchester walipoamua mwaka 1964 kupunguza gharama za uundaji, wateja waliona tofauti kwenye vyuma, na bunduki za kabla ya mwaka huo bado huuzwa ghali zaidi. Kiwanda cha New Haven kilifungwa 2006.

Kabla ya hapo Winchester walijaribu kuoanisha wenzo na nyakati mpya. Toleo la 88, la mwaka 1955, lilikuwa kama bunduki ya komeo, ile inayofungwa kwa fito la chuma linalozungushwa kwa mkono, iliyovaa wenzo: kisanduku cha kuchomoka na risasi ya .308. Gramu 9.7 zilikwenda mita 860 kwa sekunde, na ukamilifu wa shabaha ulitosha kwa mita 250. Wapenda wenzo wa kale waliiona haina roho. Novemba 1993, karibu na Biggar katika jimbo la Saskatchewan, Kanada, mkulima Milo Hanson alipiga kwa bunduki ya namna hiyo dume aliyepata alama 213 na 5/8. Rekodi ya Jordan ikaondoka. Kati ya .25-20 ya mmoja na .308 ya mwingine kuna pengo kubwa la nguvu, na kulungu wawili hao walikufa vilevile. Kilichobadilika ni nchi: Saskatchewan ni mashamba mapana, na mtu wa huko anahitaji mita 200 ambazo mtu wa Danbury hakuzihitaji.

Tatizo la pua lenyewe lilitatuliwa kwa plastiki. Katikati ya muongo wa 2000 kampuni ya Hornady ya Nebraska ilitoa vichwa vilivyochongoka vyenye ncha laini inayobonyea, isiyoweza kulipua fataki ya mbele. Kwa .30-30 ncha hiyo iliongeza makumi kadhaa ya mita za kumpiga kulungu kwa uhakika. Ni ufundi mzuri, uliochelewa zaidi ya miaka 130, na nina shaka kama mwindaji wa kichakani ameona tofauti nje ya karatasi ya matangazo.

Nguvu ya sheria ilikuja kuwa kubwa kuliko ya plastiki. Majimbo yenye mashamba tambarare na watu wengi, kama Ohio, Michigan na Iowa, kwa muda mrefu yalikataza bunduki za mtutu wenye mifuo katika maeneo mengi ya uwindaji wa kulungu, yakiruhusu shotigani tu, kwa kuhofia risasi zinazosafiri mbali. Kuanzia muongo wa 2010 yalilegeza kamba: risasi ya bunduki ikubaliwe iwapo ganda lake limenyooka, halina shingo. Kwa kanuni hiyo .45-70 na .38-55 za karne ya 19 zikawa halali Ohio, lakini .30-30, yenye shingo, ikabaki nje. Michigan iliongeza sharti la urefu, ganda lisizidi inchi 1.8, na hapo hata .45-70 ikakwama.

Wenye viwanda wakasoma sheria kwa rula mkononi. Januari 2023 Remington walitangaza .360 Buckhammer, iliyokusudiwa bunduki za wenzo na bomba lake: ganda la .30-30 lililonyooshwa shingo na kukatwa kwa inchi 1.8 kamili, likibeba kichwa cha gramu 13 kwa mita 670 kwa sekunde. Ukiziweka namba hizo kando ya zile za .35 Remington utaona ni majirani wa ukuta mmoja. Mwaka huohuo Ruger, waliokuwa wamenunua jina la Marlin kwenye mnada wa mali za Remington mwaka 2020, walirudisha 336 madukani. Walianza nayo kwa .30-30.